Hesabu Zilizonakiliwa Jikoni Kwangu

Wajukuu zangu mnaosoma sekondari, mimi huko mliko sikufika kwa mlango wenu. Niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Sekondari niliingia baadaye kwa mlango wa nyuma, nikiwa na mwiko mkononi, na nilitoka nywele zikiwa zimefanana na unga niliokuwa nakoroga. Kwa hiyo nikizungumza habari za masomo, nisikilizeni kama mnavyomsikiliza mtu aliyetazama mpira kwa kuchungulia juu ya ukuta. Mengine niliyaona. Mengine nilisikia kelele tu, nikakisia.

Nina tabia ya kuandika kidogo kila jioni. Juzi nilifungua madaftari ya miaka ile nikitafuta habari za binti mmoja anaitwa Nyamizi, sikuzikuta. Nimekuta "kuni mbichi leo". Nimekuta "maharage yana wadudu, nimepeta upya". Nimekuta "uji umebaki mwingi, sijui kwa nini". Mtoto alikuwa anaisha mbele ya macho yangu, na mimi niko na habari za kuni. Basi haya ninayowaandikia yametoka kichwani, na kichwa cha mzee ni gunia la siku nyingi, nafaka huwa zinapenya. Nikikosea mahali, anayejua anisahihishe.

Shule yetu ilikuwa ya kata, nje kidogo ya Rujewa, mpunga umeizunguka karibu pande zote. Mimi ni Mhehe wa Iringa. Nilishuka Usangu kutafuta vibarua vya kupandikiza mpunga, mgongo ukakataa, nikaomba kazi ya jikoni shuleni. Kupika nilikuwa sijui. Uji wangu wa kwanza ulikuwa na mabuje makubwa, madonge ya unga usioiva, watoto wakawa wanayaweka kwenye mashimo ya bao na kucheza. Nasema kweli. Nilipita na ndoo nikawakuta wanakula kete.

Aliyeniokoa ni Mama Sekela, Mnyakyusa, mpishi mkuu, mwanamke mwenye sauti ya kufukuza nyani. Alinipokonya mwiko. "Wewe baba, nani alikwambia unga mkavu unatupwa kwenye maji yanayochemka? Lowesha kwanza kwenye maji ya baridi, ukoroge, ndiyo umimine. Na ukishamimina usikimbilie kupiga soga, uji hauna adabu, ukigeuka tu umefurika." Hayo shikeni hata kama hamtapika shuleni. Na moto wa kuni ukitaka uji, vuta kuni nje kidogo; ukitaka kande, zisukume ndani. Anayejua kuvuta kuni haunguzi sufuria.

Mama Sekela ndiye aliyenionyesha pia lile kosa la chumvi. Ilikuwa mahafali ya kidato cha nne, pilau sufuria tatu, na wamama wa kijiji wamekuja kusaidia. Kila mama aliyepita karibu na sufuria alifunua, akaonja, akasema "mbona haina chumvi hii", akatia kidogo, akaenda zake. Hakuna aliyemwona mwenzake. Wageni walipokula, mgeni rasmi aliomba maji kabla ya kumaliza kijiko cha pili. Mama Sekela akaninong'oneza, "Kila mmoja ametia kidogo tu, kwa upendo." Tulicheka siku ile. Nimekuja kulifikiria jambo hilo baadaye sana, bila kucheka.

Sasa niwaambie kuhusu asubuhi.

Jikoni kazi huanza kabla hakujakucha vizuri, maana uji unatakiwa mapumziko ya saa nne na sufuria zile ni kubwa. Nikishawasha moto, wanafunzi walianza kufika mmojammoja wakiwa na madaftari. Jikoni kulikuwa na mwanga, kulikuwa na gogo refu la kukalia, na mwalimu wa zamu alikuwa hafiki nyuma kule. Walikuja kunakili homuweki. Walikuwa wamejigawia masomo: huyu Historia, yule Baiolojia, mwingine Kiingereza. Kila mtu anafanya somo lake moja nyumbani, asubuhi wanakutana jikoni, madaftari yanazungushwa kama sahani za msibani, kengele ikilia kila mtu amekamilisha masomo yote.

Mimi nilipenda kuwaona. Kwetu Uhehe kuna mgowe: unawaita majirani, mnalima shamba lako leo, kesho mnakwenda kwa mwingine. Nikasema, hawa watoto wamepeleka mgowe kwenye daftari. Wasangu, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma, wote gogo moja. Niliwaonjesha uji kabla ya wakati. Sijui hata leo kama nilifanya vibaya. Mngewaona mngewapenda.

Hesabu ilikuwa ya Nyamizi.

Nyamizi alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa Mzee Masunga, mfugaji Msukuma aliyehamia Usangu kutoka kaskazini na ng'ombe zake, akakodi na shamba la mpunga. Binti mrefu, mwenye kucheka kwa kurusha kichwa nyuma. Mimi nilimwamkia "Kamwene", naye akaniitikia "Mwangaluka, babu", kila mtu kwa lugha ya kwao, huo ndio ulikuwa utani wetu. Hesabu alizifanya kama mwingine anavyomenya viazi. Wenzake walimwita Profesa.

Lakini hakuanza kuwa Profesa. Alipoingia kidato cha kwanza alikaa peke yake. Mnajua maneno ya mkulima na mfugaji, mengine mmeyasikia nyumbani kwenu. Yuko kijana mmoja, Edo, mcheshi wa darasa, baba yake mpunga wake uliwahi kuliwa na ng'ombe wa mtu. Hata hawakuwa ng'ombe wa Masunga. Edo alikuwa akimwona Nyamizi anapita, anashika kalamu yake kama fimbo: "Jamani ficheni madaftari, ng'ombe wanakuja!" Darasa linaangua. Basi siku walipogundua anajua Hesabu, Edo huyohuyo alisogea kwenye gogo, akapangusa kwa kiganja, akasema, "Profesa, kaa hapa." Nilikuwepo. Nilimwona anavyokaa. Alikaa taratibu, kama mtu anayejaribu kiti asichokiamini.

Mwalimu wa Hesabu alikuwa Mwalimu Ambakisye. Nataka nimtendee haki, maana wengi wamemsema. Alikuwa kijana, hana hata televisheni, jioni zake zote zilikwenda kwenye kusahihisha. Mnajua walimu wanaogawa kazi wasisahihishe? Yeye alisahihisha kila swali, kwa kalamu nyekundu. Shule yetu ilikuwa imezoea kupata sifuri za Hesabu, na yeye alikuwa amekula kiapo moyoni. Basi akawapa maswali, yakarudi sahihi. Akaongeza. Yakarudi sahihi. Akasema hawa wanaweza, tena wanaweza sana, akaongeza magumu zaidi, na ya Jumamosi, na ya likizo. Alikuwa anatembea uwanjani anapiga mluzi.

Wazazi nao. Kwenye kikao cha wazazi mimi huwa nasimama mlangoni na birika la chai, kwa hiyo nilisikia. Mzazi mmoja alilalamika watoto wanazurura, mwingine akasema simu zitawaharibu, mwingine bodaboda. Mzee Masunga akanyanyuka, fimbo mkononi. "Mwalimu, mimi sikusoma. Ninachojua, ng'ombe ukimwachia kamba ndefu atakula shamba la mtu. Wape kazi hawa, mwalimu. Waongezeeni. Wangu wa kwanza." Walimpigia makofi. Mimi pia nilipiga, birika likamwagika kidogo. Na walimu wa masomo mengine, wakiona Hesabu imeongezwa, nao wakaongeza, ili somo lao lisidharauliwe. Kila mmoja kidogo.

Historia ilikuwa ukurasa. Hesabu zilifika kurasa mpaka kidole kinaota sugu. Na wakati huo mpunga ulikuwa unaingia maziwa, wakati wa kulinda ndege. Ninyi wa Mbarali hamhitaji kuelezwa; nyie wa Iringa mjini, jueni kwamba ndege wale wadogo wakitua shambani wanamaliza jasho la mwaka mzima. Nyamizi akitoka shule alikwenda shambani kupiga kelele na kutikisa makopo mpaka giza, akirudi anasaidia kupika, kisha ndiyo anafungua Hesabu. Hesabu zake, na za wote waliokuwa wanamsubiri kwenye gogo.

Nilianza kuona kwamba hachukui uji. Nikafikiri malaria. Nikamchemshia mwarobaini, akanywa kwa heshima, akakunja uso. Haikusaidia. Nywele zikawa zinakatika, anasinzia amesimama. Nikafikiri mambo ya wasichana, nikaogopa, nikamuuliza kwa kuzunguka, "Mjukuu, au kuna kijana?" Alicheka, ila hakurusha kichwa. "Babu, hata muda wa kupenda sina."

Nikamwambia, "Basi gawaneni maswali. Edo afanye ya kwanza, mwenzenu Furaha yale ya katikati, wewe ya mwisho. Mgowe hauko hivi. Kwenye mgowe wote wanashika jembe."

Akatazama gogo. Wenzake walikuwa hawajafika bado. Akasema, "Nikiwagawia, mimi nitakaa wapi?"

Nilifunua sufuria nikakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

Niseme pia kwamba nilijaribu. Mwalimu Ambakisye alikuja jikoni kunywa chai, nikamsimulia pilau ya mahafali, kila mama na chumvi yake, halafu nikasema, mwalimu, labda na watoto ni hivyo. Alielewa upesi, alikuwa na akili. Akanijibu kwa upole, "Mzee, chumvi ikizidi unaongeza maji, unakula. Mtihani wa Taifa hauongezwi maji. Nikiwaonea huruma leo, nani atawaonea huruma siku ile?" Nikaona ana haki. Bado naona alikuwa na haki. Ila sikumwambia kuwa kalamu yake nyekundu ilikuwa inasahihisha kichwa kimoja tu. Kufanya hivyo kungekuwa kuwasemea watoto, na mpishi anayesemea watoto hana tena mtu wa kukaa kwenye gogo lake. Mnaona? Tulikuwa wawili, mimi na Nyamizi, tuliokuwa tunaogopa kulikosa gogo.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya ukungu. Walifika wote, wamechangamka. Edo akanyoosha mkono. "Profesa, leta mambo."

"Sina."

"Huna nini?"

"Sijafanya."

Wakacheka, wakidhani utani. Edo akachukua daftari la Nyamizi, akafunua, akafunua tena. Cheko likaisha. "Wewe! Unatuua! Mwalimu leo atatuchinja!" Mwingine akasema, "Si ulituambia unaweza?" Na mmoja, sitamtaja, sasa ni mtu mzima mwenye heshima zake, akasema, "Si kalala zizini na ndugu zake." Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyemkataza. Na mimi nilikuwa mtu mzima peke yangu pale.

Nyamizi akasema, "Nifanye sasa hivi. Muda upo." Akakaa, akaweka daftari magotini, akaanza. Akakwama katikati ya swali, akaniangalia. "Babu, saba mara nane ngapi?"

Mimi, kwa haraka ya kusaidia, nikasema, "Hamsini na nne."

Akaandika.

Wajukuu zangu, hapo ndipo nilipoogopa. Siyo kwa sababu nimekosea. Mimi kukosea hesabu ni jambo la kila siku, Nyamizi alikuwa ananisahihisha mpaka mgawo wa vikombe. Niliogopa kwa sababu aliandika. Yule wa zamani angecheka mpaka aangushe kikombe. Niliendelea kumtazama. Akainamisha kichwa kwenye daftari, kama anayeangalia swali kwa karibu, na hakukiinua. Kengele ikalia. Furaha akamtikisa bega. Edo akamwita, "Nyamizi. Nyamizi, amka basi," na nilimsikia kwa mara ya kwanza akimwita kwa jina lake.

Tulimpeleka kituo cha afya kwa bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia. Tabibu alipima malaria, hakuna. Akamuuliza analala saa ngapi, anakula nini, Nyamizi akajibu kwa sauti ndogo. Tabibu akasema ni uchovu na njaa, tena uchovu wa muda mrefu. "Mwacheni alale. Akiamka ale. Na hayo madaftari yakae mbali naye."

Shuleni nako, darasa zima limeingia bila swali hata moja lililofanywa. Mwalimu Ambakisye akadhani wamegoma. Akawapigisha magoti nje kwenye changarawe, akawauliza nani kiongozi wa mgomo. Edo ndiye aliyeinua mkono. "Mwalimu, hatujagoma. Anayefanya hayupo."

"Anayefanya nini?"

"Hesabu, mwalimu."

Haya alinisimulia Edo mwenyewe. Alisema mwalimu aliwaambia wainuke, wajipanguse magoti, waingie ndani. Mchana alikuja jikoni. Hakutaka chai. Alikaa kwenye lile gogo, kwenye vumbi, na suruali yake ya kupiga pasi. Akasema, "Mzee, mimi nilikuwa narudi nyumbani naimba."

Mambo yalibadilika, lazima niseme ili nisiwaonee. Mkuu wa shule, mama mmoja mtulivu, aliwakalisha walimu. Wakaweka ubao ofisini: kabla hujagawa kazi unaangalia wenzako wamegawa nini. Mwalimu Ambakisye akapunguza maswali, akawa anayafanyia darasani, akimwita mmojammoja ubaoni. Waliokuja nyuma ya Nyamizi walikula uji wao na walicheza mpira jioni. Ubao ule ulifanya kazi nzuri. Kwa wengine.

Mzee Masunga alikuja kuniaga. Alikuwa anampeleka binti kwa shangazi yake Ubaruku akapumzike mpaka ndege waishe. Alisimama mlangoni mwa jiko, fimbo ameikumbatia kwa mikono miwili. "Nilidhani namkinga," alisema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyesema waongeze." Nikamwambia tulipiga makofi wote. Akatikisa kichwa, kama vile hiyo haipunguzi kitu. Pengine haipunguzi.

Ndege waliisha. Mpunga ukavunwa. Edo, Furaha na wengine walikwenda Ubaruku kwa baiskeli siku ya Jumapili kumwita arudi. Nilifurahi, niliwafungia hata viazi vya kuchemsha vya njiani. Walirudi jioni bila yeye. Edo akasema, "Katupokea vizuri, katupa maziwa. Kasema siku nyingine." Muhula mwingine ukaanza. Mzee Masunga akahama na ng'ombe. Siku nyingine ikawa inasogea mbele, kama mnavyojua siku nyingine zilivyo.

Hapa watu huniambia nitoe ushauri. Ninao mdogo tu, na siuamini sana. Mkigawana mzigo, angalieni asubuhi moja kama umegawanyika kweli, au mmempa mmoja na ninyi mmegawana kumsifu. Na wewe unayebebeshwa kwa sababu unaweza, jaribu siku moja kusema huwezi, uone nani atabaki amekaa karibu nawe. Najua ni rahisi kwangu kusema. Mimi mwenyewe niliogopa gogo.

Mwaka huu nilikwenda Ubaruku kukoboa mpunga wa mwanangu. Mashine kubwa, vumbi la pumba mpaka kwenye kope, na kwenye mzani amesimama mwanamke mrefu amejifunga kitenge kichwani. Akanitambua kabla sijamtambua. "Kamwene, babu!" Safari hii alitumia ya kwetu. Nikatafuta "Mwangaluka" mdomoni, ikachelewa kutoka.

Alikuwa amenenepa kidogo, uso umetulia. Ana mume, dereva wa trekta, na mtoto mdogo. Anasoma mzani kabla sindano haijatulia, wenye magunia wanamwamini kuliko mwenye mashine. Akaniletea stuli, akaniuliza habari za Mama Sekela, tukacheka habari za uji wa mabuje aliosimuliwa tu. Nikamuuliza kama hakuwahi kutaka kurudi shule. Akasema aliwahi kutaka, hata madaftari alinunua. "Nikifungua tu, nafunga tena, babu. Nikawapa watoto wa shangazi."

Nikauliza habari za wenzake, maana mimi nilistaafu kabla ya matokeo yao na sikuwafuatilia.

"Wapo. Furaha ni nesi. Edo ana duka la simu Mbeya, ananipigia sikukuu zote."

"Kwa hiyo walifaulu."

"Masomo mengine walifaulu. Hesabu walifeli wote." Alisema bila kisasi, akipangusa pumba kwenye kipimo kwa kona ya kitenge. "Wangejulia wapi, babu? Walikuwa wananakili."

Mashine ilikuwa inaunguruma, nikasogeza stuli karibu naye.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Ungefanya ule mtihani, ingekuwaje?"

"Mimi ningefaulu," alisema, kwa sauti ileile ambayo mtu anatajia jina lake. Kisha mtu akaita kutoka nyuma kwamba gunia limefika, akageuka kulipokea.